Mlezi na Shoka Lake

Katika masimulizi ya kale ya Ayalandi, Tailtiu hatajwi sana. Anayetajwa ni Lugh, bingwa wa kila ufundi, aliyemuua babu yake Balor vitani. Tailtiu ndiye aliyemlea Lugh. Hakumzaa, alikabidhiwa tu. Wahenga walishasema: kuzaa si kazi, kazi kulea.

Mumewe, Eochaid mac Eirc, alikuwa mfalme wa mwisho wa watu walioitwa Fir Bolg. Watu wake waliposhindwa vitani na watu wengine, Tuatha Dé Danann, mume akauawa na ufalme ukaenda. Tailtiu akashika shoka, akaufyeka msitu wa Coill Cuan. Mwaka haujaisha, pale penye miti pakawa uwanda unaochanua maua ya klova. Kazi hiyo ikampasua moyo, akafa.

Lugh akamwekea mkutano mkubwa wa kila mwaka, karibu na tarehe 1 Agosti. Watu walishindana, farasi wakakimbizwa, ugomvi ukawekwa kando. Mahali hapo pakabeba jina la mama: Tailtin, ambapo leo panaitwa Teltown, katika kaunti ya Meath, baina ya Navan na Kells. Mwaka 1168 mfalme Ruaidrí Ua Conchobair aliuandaa mkutano huo kwa fahari kubwa. Mwaka 1924, taifa changa la Ayalandi likafufua michezo ya jina hilo mjini Dublin.

Nafurahi kwamba ardhi ile inamtaja mlezi, haimtaji mfalme. Hata hivyo kisa hiki kinanikera. Sioni ndani yake mahali ambapo Lugh, huyo bingwa wa kila ufundi, anampokea mama shoka. Alichompa ni matanga ya kifalme.

Nasi ndivyo tulivyo. Shangazi aliyelea watoto wa nduguze akifariki, tunakodi maturubai, tunapika pilau, na wasifu wake unasomwa hadi watu wanalia. Enzi za uhai wake, dawa ya magoti alijinunulia mwenyewe, na shamba alilima peke yake huku wote aliowalea wakiwa mjini na mishahara yao.

Heshima kwa marehemu ni jambo jema, nami sitaki ipungue. Ila mchango wa msiba una mweka hazina, daftari na siku ya mwisho ya kulipa. Mchango wa kumpumzisha mlezi aliye hai hauna hata kundi la WhatsApp.