Weupe wa Farasi na Swali la Utakatifu

Dini nyingi zilizokua miongoni mwa wafugaji wa farasi zimempa farasi mweupe cheo ambacho wenzake wa rangi nyingine hawakukipata. Tacitus, mwanahistoria wa Roma aliyeandika mwishoni mwa karne ya 1, anaeleza kwamba makabila ya Wajerumani yalitunza farasi weupe katika misitu mitakatifu kwa gharama ya jamii nzima, bila kuwabebesha kazi yoyote ya binadamu, na kwamba siku ya kuagua walifungwa kwenye gari takatifu huku kuhani na mfalme wakiandamana nao na kuisikiliza milio yao kama ujumbe wa miungu. Kitabu cha Ufunuo, katika sura ya 19, kinamwonyesha Kristo mshindi juu ya farasi mweupe. Lakini sura ya 6 ya kitabu hichohicho inamleta mpanda farasi mweupe mwingine, ambaye wafasiri hawajaafikiana juu yake hata leo, na wapo wanaomhesabu kuwa ni mpotoshaji. Ikiwa rangi ileile inaweza kumbeba Mwokozi na pengine adui yake, basi ni haki kuuliza kama weupe una utakatifu wowote ndani yake, au kama utakatifu huo umewekwa juu ya mnyama na macho ya binadamu.

Mwili wa farasi mwenyewe una ushahidi wa kutoa katika shauri hili. Wengi wa farasi waitwao weupe hawakuzaliwa hivyo, na ndiyo maana wafugaji huwaita wa kijivu: mtoto huzaliwa mweusi au wa hudhurungi, kisha manyoya meupe huongezeka mwaka hadi mwaka, hadi afikishapo umri wa miaka 6 hadi 8 anakuwa mweupe mwili mzima, ilhali ngozi iliyo chini ya manyoya hubaki nyeusi, kama inavyoonekana puani na kuzunguka macho. Farasi mashuhuri wa ukoo wa Lipizzaner, walioanza kuzalishwa Lipica mwaka 1580 kwa ajili ya ukoo wa kifalme wa Habsburg, ni wa aina hii. Mwaka 2008 watafiti walibainisha kwamba chanzo ni kipande cha jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo katika chembe hai, ambacho kimejirudia, na kwamba farasi wa kijivu wa koo mbalimbali wamekirithi kutoka kwa mzazi mmoja wa kale. Kasoro hiyohiyo huchochea uvimbe wa chembe za rangi, hasa chini ya mkia na kuzunguka mdomo, na zaidi ya nusu ya farasi wa kijivu waliovuka miaka 15 huupata. Weupe uliosomwa kuwa usafi ni mvi zilizowahi, na huja pamoja na maradhi.

Mwanafalsafa Gongsun Long wa China, aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia mfano wa farasi mweupe kutenganisha rangi na kitu chenye rangi, akisema kwamba atafutaye farasi tu huridhika akiletewa mweusi au wa manjano, lakini atafutaye farasi mweupe haridhiki. Hitimisho lake, kwamba farasi mweupe si farasi, limebishaniwa sana, ila hatua hii moja ya hoja ni imara, kwani inaonyesha kuwa sharti la rangi hutoka kwa mtafutaji.

Fundisho lenye kina zaidi limo katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuhifadhiwa katika Sahihi Muslim. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoulizwa atawatambuaje watu wa umma wake ambao bado hawajaja duniani, alitoa mfano wa mtu mwenye farasi walio na ghurra, yaani baka jeupe la paji la uso, na tahjili, yaani weupe wa miguuni, wakiwa katikati ya farasi weusi tititi: mtu huyo hatashindwa kuwajua walio wake. Vivyo hivyo waumini watakuja na nuru nyusoni na viungoni kwa athari ya udhu. Yafaa izingatiwe kwamba farasi weusi wa mfano huu hawalaumiwi kwa weusi wao, wala wenye mabaka hawasifiwi kwa uzuri. Baka linafaa kwa sababu linatofautisha, na mwenye mali analijua. Hapa weupe ni alama ya uhusiano, na muumini huipata kwa tendo la ibada, wala hairithi kwa kuzaliwa. Usomaji huu ni wa haki kuliko ule unaoifanya rangi kuwa dhati ya wema, na waumini wa dini nyingine pia wangenufaika nao.

Madoa nayo yana historia ndefu. Katika pango la Pech Merle, kusini mwa Ufaransa, kuna michoro ya farasi wenye madoa meusi ambayo umri wake unapita miaka 20,000, na kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walidhani madoa hayo ni ishara za kiroho zisizohusiana na mnyama halisi. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2011 ulikuta jeni ya madoa katika farasi 6 kati ya 31 wa kale waliopimwa, kwa hiyo huenda mchoraji alichora alichokiona. Jeni hiyo pia haiji bure, kwa kuwa farasi anayeirithi kwa wazazi wote wawili haoni gizani tangu kuzaliwa.

Mfano mzito zaidi uko Marekani, ambako mabaka meupe ya ubavuni yanapendwa sana. Chembe za rangi na neva za utumbo hutokana na asili moja katika kiinitete, na wazazi wawili wenye jeni ya mabaka hayo wakipandishwa, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuleta mtoto mweupe pepe ambaye utumbo wake hauna neva, ambaye hawezi kupitisha kinyesi na hufa kwa maumivu ndani ya siku chache. Kwa mwenye kuamini kuwa wanyama ni amana ya Mungu mikononi mwa binadamu, kuwapandisha wazazi hao kwa kujua ni dhuluma, na hakuna uzuri unaoihalalisha. Nywele chache za shingo zilizong'olewa na mizizi yake zinatosha kwa kipimo cha kumtambua mwenye jeni hiyo, naye akipandishwa na asiyekuwa nayo, watoto wao wanaweza kuzaliwa na mabaka yaleyale, na utumbo wao ukiwa mzima.