Benchi la Bustani ya Bronx

Kijana wa miaka 19 alikwenda mwezi mzima kwenye bustani ya mimea ya Bronx, New York. Aliogopa mno kuzungumza na wanawake, basi akajipa kazi: kila atakayemwona peke yake kwenye benchi, akae hapohapo na amsemeshe ndani ya dakika moja. Wapatao 30 waliinuka wakaenda zao. Kama 100 waliongea naye. Mmoja tu alikubali miadi, na siku ilipofika hakutokea.

Lakini woga ulikwisha.

Huyo ni Albert Ellis. Mwaka 1934 alihitimu shahada ya biashara, akauza suruali pamoja na nduguye, akaandika riwaya zisizopata mchapishaji. Alipogeukia kuandika kuhusu mapenzi na ndoa, marafiki walianza kumletea shida zao, naye akaona kazi hiyo inamkaa vizuri. Akarudi darasani, 1947 akapata udaktari wa saikolojia.

Kufikia 1955 alikuwa ameiacha njia ya Freud ya kuchambua nafsi aliyofunzwa, akawa anawauliza wateja waziwazi: wazo gani linakuumiza, na ushahidi wake uko wapi? Hapo ulianza mzizi mmoja wa tiba ya fikra na tabia.

Anayeacha duka au benki ili asomee tiba hii huenda akahofu kwamba miaka yake ya nyuma imepotea. Haikupotea kwa Ellis: hata jaribio lake la ujanani lilimfaa kazini. Wateja wenye haya aliwapa mazoezi yanayofanana na lile la bustanini, likiwamo la kupanda treni ya mjini na kutangaza vituo kwa sauti kubwa.