Hana Hakuwa Amelewa

Somo: 1 Samweli 1:1-18



Penina alimchokoza Hana mwaka baada ya mwaka, tena wakati wa kwenda kuabudu Shilo. Hana akalia, akashindwa kula. Mumewe Elkana alimpenda kweli, lakini maneno yake ya kumfariji hayakufika penye kidonda. (Wazazi wengi tuko hapo: "Nimekununulia viatu, sasa unalia nini?")

Tazameni watoto wetu hapa Nakivale. Kijana aliyekuwa sekondari kule Kongo, akisoma kwa Kifaransa, akifika Uganda anarudishwa shule ya msingi kwa sababu ya Kiingereza. Ana miaka 16, anakaa benchi moja na watoto wa miaka 10. Wanamwita babu, wanaigiza matamshi yake. Jioni hasemi neno. Anaingia chini ya blanketi na simu mpaka usiku wa manane, na humo pia wachokozi wanamfuata, picha yake ikizungushwa katika kundi la WhatsApp la darasa.

Kuhani Eli aliona midomo inacheza bila sauti, akahukumu kwamba mama huyu amelewa. Sisi tunaona macho mekundu, tunahukumu kwamba intaneti imemharibu mtoto. Ni kweli simu inaiba usingizi, na asiyelala huzuni yake huongezeka. Lakini wengi wamekimbilia humo kwa sababu shuleni hawana rafiki hata mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7, wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili. Tusikimbilie kusema ni pepo, wala upungufu wa imani.

Eli, alipojibiwa, alisikiliza, kisha akambariki. Hana akala chakula, huzuni ikaondoka usoni, na Samweli alikuwa bado hajatungwa mimba!

Basi mzazi, uliza kwanza, kabla ya kunyang'anya. Nenda kwa mwalimu pamoja na mzazi mwenzako. Usiku simu zote zilale chumbani kwa wazazi, na yako isiguswe vilevile. Mtoto akisema anataka kufa, usingoje Jumapili: usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na Penina naye alikuwa na nyumba. Leo jioni muulize mwanao ni nani anayechekwa darasani, na yeye hufanya nini wenzake wanapocheka.