Kweli na Dhana

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Plato wa Athene aliandika habari za njia iendayo mji wa Larisa. Aijuaye huongoza wenzake vema. Naye aidhaniaye tu, akidhani sawasawa, hufika vilevile. Basi dhana yapungukiwa na nini? Plato asema hutoroka isipofungwa, na kamba yake ni sababu.

Nasi twaona hayo barazani. Twasema, “Fulani ni mwizi.” Tukiulizwa, “Mmejuaje?” twanyamaza. Hata ikiwa tulidhani sawasawa, hatukujua. Na kama tulikosea, jina la jirani limekwisha kuharibika. Kwa hiyo kabla ya kusema, “Twajua,” na tujiulize kwanza, “Kwa sababu gani?”