Tofali Hamsini

Fundi wa kufyatua matofali akifika saiti, akaona rundo la mchanga na mifuko ya saruji imepangwa juu ya mbao, swali lake la kwanza ni moja: mfuko utoe tofali ngapi? Haulizi kwa kutojua. Anajua kuliko wewe. Anauliza kwa sababu jibu ni la mwenye mfuko, na yeye hataki libaki mikononi mwake.

Mara ya kwanza kuulizwa swali hilo nilikuwa na miaka 23, nimemaliza shahada ya kwanza, sina kazi. Baba alikuwa amestaafu ualimu mwaka huo wa 2020, na kiinua mgongo chake kilikuwa kinageuka nyumba huko Bunju: nyumba kubwa mbele, na nyuma yake vyumba vinne vya kupangisha, vya kumtunza uzeeni. Kwa kuwa nilikuwa nakaa tu nyumbani, nikapewa usimamizi. "Kazi yako ni kuhesabu mifuko," Baba aliniambia. "Mengine wataijua mafundi."

Kwa nyumba ya mbele nilijibu thelathini, kama Baba alivyoniagiza. Mfuko wa kilo 50 ukitoa matofali thelathini ya inchi 6, hilo ni tofali la heshima. Ukiligonga linalia, na likidondoka kutoka kwenye toroli linapoteza pembe tu. Ukifika hamsini unapata kitu chenye umbo lile lile na rangi inayokaribiana, ambacho ukikibeba vibaya kinakuachia mchanga kifuani.

Mbele ya mfuko huwa pameandikwa 32.5 au 42.5. Kwa muda mrefu nilidhani ni aina tu, kama namba ya kiatu. Kumbe ni ahadi: ni nguvu ambayo saruji ile, ikipimwa maabara kwa utaratibu maalumu, lazima iwe imeifikia baada ya siku 28. Ahadi hiyo inaishia pale beleshi linapoupasua mfuko. Kuanzia hapo hakuna anayepima chochote. Kuna mtu mmoja anachanganya na mwingine anahesabu.

Jambo jingine nililojifunza pale ni kwamba saruji haikauki. Sisi tunasema imekauka, lakini kinachoifanya iwe ngumu ni kushikana kwake na maji, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Tofali bichi likiachwa kwenye jua la Dar es Salaam bila kumwagiliwa, maji yanalikimbia kazi ikiwa katikati, na udhaifu huo haulipwi baadaye hata ulimwagie mto. Matofali ya nyumba ya mbele tuliyamwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, maji ya kununua, ya boza.

Halafu, mwishoni mwa mwaka, bei ya saruji ikapanda. Waliojenga kipindi kile watakumbuka. Kwenye duka la mtaani kwetu mfuko uliokuwa 14,000 ulifika 20,000, tena kwa kuwekewa oda. Nyumba ya mbele ilikuwa imefika kwenye lenta. Ya nyuma ilikuwa msingi tu. Pesa ilikuwa inaisha na Baba alikuwa ameanza kukaa kimya mezani, kimya cha mtu anayepiga hesabu.

Fundi alipokuja kwa ajili ya matofali ya nyuma, aliuliza swali lake. Nilimwambia hamsini.

Alikuwa mtu mzima, wa rika la Baba. Hakushangaa. Aliuliza tu, "Huko nyuma atakaa nani?"

"Wapangaji."

"Aa," akasema, akaenda kuchukua beleshi.

Hesabu ninayo hadi leo, iko kwenye daftari. Vyumba vinne vilihitaji matofali 1,200. Kwa thelathini, ni mifuko 40. Kwa hamsini, ni mifuko 24. Niliokoa mifuko 16, yaani 320,000 kwa bei ya wakati ule. Maji nikayamwaga siku mbili, si saba. Chumba kimoja tunapangisha 50,000 kwa mwezi, bei ile ile ya vyumba vya majirani. Maana yake ni kwamba nilichookoa kilirudi kwa kodi ya miezi isiyofika miwili. Baba hakujua. Aliponiuliza nimebanaje matumizi, nilimjibu nimejadiliana vizuri dukani, akanisifu mbele ya wageni.

Ukuta ukishapigwa plasta na kupakwa rangi ya krimu, hata mimi ninayejua siwezi kukuonyesha tofauti.

Niliishi na jambo hili bila kulisikia kwa miaka mitatu. Lililonirudisha ni mambo mawili, moja dogo na moja kubwa, na ajabu ni kwamba dogo ndilo lililouma zaidi.

Dogo lilitokea Agosti 2024. Nilikuwa nimekwenda kukusanya kodi. Mpangaji wa chumba cha tatu ni dada mmoja anayeuza chapati asubuhi kwenye kituo cha daladala, anaishi na mtoto wa miaka kama minne. Pembeni mwa dirisha lake ufa ulikuwa unashuka kwa ngazi, ukifuata maungio ya matofali, na chini yake plasta ilikuwa imebanduka. Kwenye tofali lililobaki wazi palikuwa na shimo la kuingiza ngumi. Kabla sijasema neno, alisema yeye.

"Samahani sana, kaka. Ni huyu mtoto, anachokonoa ukuta na kijiko. Nimemchapa. Nitatengeneza mwisho wa mwezi."

Nikamwambia haina shida.

Ona nilichofanya hapo. Niliipokea samahani. Mtu aliyekosewa aliniomba msamaha mimi niliyemkosea, mtoto alikuwa ameshachapwa kwa ajili yangu, na mimi nikasamehe, tena kwa sauti ya mtu mwema. Wiki iliyofuata nilirudi na ndoo ya saruji iliyochanganywa vizuri nikaziba. Methali yetu inaonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, na sidhani methali ile imewahi kutiiwa kwa unafiki mkubwa kuliko ule.

Kubwa ni Kariakoo. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka watu wakiwa ndani, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa inasikiliza kifusi. Kwenye kundi letu la darasani, sisi tunaosoma uzamili wa falsafa, watu waliandika kwa hasira. Mmoja akakumbusha lile ghorofa la katikati ya jiji lililoanguka Machi 2013 na kuua watu 36, akauliza ni lini tutajifunza. Mwingine akasema wenye majengo ni wauaji wenye hatimiliki. Niliandika, "Tamaa tu," nikaitazama ile sentensi, nikaifuta.

Sababu za Kariakoo ni za wachunguzi, sizilinganishi na zangu. Vyumba vyetu havina ghorofa. Juu yake kuna mabati ya geji 30 na kenchi za mbao, mzigo mdogo. Lenta niliiweka nondo nne kama inavyotakiwa. Kwenye nondo niliogopa. Nilimpigia fundi simu nikamuuliza waziwazi kama vile vyumba vinaweza kuanguka, akanijibu, "Havianguki. Vitakula mchanga tu." Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna atakayekufa Bunju kwa sababu yangu, na hapo ndipo swali langu linapoanza. Kama ukuta hautaanguka, kosa liko wapi?

Muhula ule tulikuwa tumesoma sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe zaidi ya miaka 3,700 iliyopita. Nyumba ikianguka ikamuua mwenye nyumba, mjenzi auawe. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa mjenzi. Na ukuta ukianza kuharibika kwa sababu haukujengwa imara, mjenzi auimarishe kwa fedha yake mwenyewe. Wenzangu walibishana jioni nzima juu ya mtoto wa mjenzi, kosa lake nini. Mimi nilikuwa nimekwama kwingine. Katika vifungu hivyo mwenye nyumba ndiye anayelala ndani yake, na udhaifu unatoka kwa mjenzi. Hakuna mwenye nyumba anayemwambia mjenzi: chumba hiki sitalala mimi, punguza. Fundi wangu angekuwa Babeli angeuawa, na mimi ningekuwa mlalamikaji.

Sisemi fundi hana lake. Lile swali lake la mwanzo ni ujanja wa kunawa mikono, na angeweza kuniambia hamsini hafyatui. Lakini analipwa kwa tofali, na nyuma ya geti kulikuwa na mafundi wengine. Mwenye kuweza kusema hapana kwa bei ndogo kabisa, ya 320,000, nilikuwa mimi.

Nilijitetea pia kwa nyumba ya Bibi. Bibi aliishi Handeni, nyumba ya fito na udongo, na udongo ni dhaifu kuliko tofali langu la hamsini. Tumelala humo likizo zote za utoto na sijawahi kuona kwamba tulidhulumiwa. Niliukumbuka ukuta ule vizuri. Masika ikipita udongo ulikuwa umemomonyoka upande wa mvua na fito zinaonekana kama mbavu. Bibi aliita watoto, tukachota udongo, tukakanyaga na maji, tukakandika. Ulijua ukuta umefika wapi kwa kuutazama. Mgeni alijua, mbuzi alijua.

Basi nikapata nadharia. Kosa, nikasema, halipo kwenye udhaifu. Lipo kwenye plasta: ukuta wa Bibi ulisema ukweli na wangu unadanganya. Nikaandika insha ya semina, nikamleta Plato na ile pete inayomfanya mvaaji asionekane, nikauliza kama mtu angebaki mwadilifu iwapo kazi yake yote ingefunikwa. Ilipata alama nzuri. Vyumba vya Bunju sikuvitaja. Ada ya muhula ule, nusu yake ilitoka kwenye vyumba hivyo.

Alama zile ndizo zilizonishinda kuzibeba. Desemba nikapanda daladala hadi Bunju nikiwa nimejiandaa kukiri. Nilimkuta dada wa chumba cha tatu anasukuma chapati za oda kwenye baraza. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Dada, ule ukuta, si mtoto aliyeuharibu. Tofali zenyewe zilikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyesimamia, saruji niliipunguza."

Hakuacha kusukuma. "Najua, kaka."

"Unajua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Nilitaka kupigilia msumari wa chandarua. Ukaingia kwa mkono."

"Sasa mbona uliomba samahani?"

Hapo akaniangalia, bila hasira, kama anavyoangaliwa mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Ningesemaje? Nikwambie ukuta wenu mbovu, uniambie nihame? Kodi ya miezi sita nimeshalipa. Na huko nitakakohamia, nani kaniambia ukuta wao mzima?"

Nadharia yangu iliishia pale barazani. Nilikuwa nimejenga hoja nzima juu ya siri, na siri haikuwepo. Kila mpangaji ana chandarua, na kila chandarua kina msumari. Vyumba vyote vinne walikuwa wanajua, wanafagia mchanga kila asubuhi na kunisalimia vizuri nikija kuchukua kodi. Plasta ilikuwa inamficha mtu mmoja tu, na alikuwa ananificha mimi. Wao walichokosa ni mahali pa kulisemea. Nilipomwambia Bibi zamani kwamba ukuta wake umetoboka, alicheka akanipa udongo. Dada huyu akiniambia hivyo, anahatarisha paa la mwanawe. Sijui kama falsafa niliyosoma ina jina la kosa la aina hiyo, la kumweka mtu mahali ambapo ukweli anaoujua unamgharimu yeye kuliko unavyomgharimu aliyedanganya.

Nikamweleza nilichopanga. Fundi, yule yule, ameshakuja kupima. Tutabandua plasta chumba kimoja baada ya kingine, tuutoe msitari wa chini uliooza, tukaze waya ukutani, tupige plasta mpya yenye saruji ya kutosha. Gharama inazidi mara kadhaa ile 320,000, na kwa kuwa sina, itabidi kwanza nimwambie Baba ilikotoka sifa aliyonipa mbele ya wageni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaligeuza donge la unga, akalikandamiza kwa kiganja.

"Sawa," akasema. "Na mkishatengeneza, kodi itapanda?"