Anayepima Naye Apimwe

Walimu wa shule za serikali wakitajiwa tathmini ya utendaji kazi, wengi hukunja uso. Wapo wanaodai kuwa mwalimu hapendi kuhojiwa. Mimi nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, na naona madai hayo yanakwepa swali la msingi: je, ni haki kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hakupewa uwezo nalo?

Tukumbuke tulikotoka. Zamani mkuu alimwandikia mtumishi taarifa ya siri, naye mtumishi hajui kaandikiwa nini. OPRAS, iliyoanza mwaka 2004, ilikuja na ahadi njema: mwalimu na msimamizi wake wakae, wakubaliane malengo, wapitie katikati ya mwaka, kisha wapime pamoja. Fomu ilikuwa na sehemu ya malengo na sehemu ya nyenzo zilizokubaliwa. Baadaye serikali ikaleta PEPMIS, na karatasi zikahamia kwenye kompyuta.

Kimaandishi huo ni uadilifu. Tatizo ni vitendo. Mwalimu akiahidi kufaulisha, mwajiri naye ameahidi vitabu, madawati na darasa lenye idadi ya wanafunzi inayofundishika. Lakini mwaka ukiisha, unaopimwa ni upande mmoja tu. Matokeo yake, mwalimu hujaza malengo mepesi asije akakwama kupanda daraja, msimamizi huidhinisha bila kukanyaga darasani, na wote wawili wanajua kuwa wameandika uongo.

Suratul Mutwaffifin inawaonya wanaotaka kupimiwa kamili huku wao wakipima wanapunja. Tukiisoma, humfikiria muuza mchele sokoni. Kumbe kiongozi anayedai matokeo kamili kwa nyenzo nusu naye yumo. Na mwalimu anayepokea mshahara kamili akafundisha nusu ya kipindi, yumo vilevile. Walimu wenzangu tusijifiche nyuma ya uhaba wa vitabu; kuingia darasani kwa wakati hakuhitaji bajeti.

Rai yangu ni hii: kabla mwalimu hajapewa alama, iulizwe kwanza habari ya nyenzo. Kipi kiliahidiwa, kipi kilifika, na nani awajibike kwa kisichofika? Tathmini ya namna hiyo, mwalimu mwaminifu hataiogopa. Ataidai.

Wallahu a'alam.