Binti Asiyetajwa Jina

Somo: 2 Wafalme 5:1-14



Somo hili latupa habari za Naamani, jemadari wa Shamu, mtu mkuu mbele ya bwana wake, lakini mwenye ukoma. Jina lake twalijua. Jina la nabii Elisha twalijua, na hata la Gehazi, mtumishi aliyeponzwa na tamaa. Lakini aliyeleta habari njema katika nyumba ile alikuwa binti mdogo, aliyetekwa katika nchi ya Israeli akawekwa kumhudumia mke wa Naamani. Ni yeye aliyesema kwamba yuko nabii Samaria. Kama angenyamaza, jemadari angekufa na ukoma wake. Na jina la binti huyo halikuandikwa.

Sisi watu wa Tabora hatuna haja ya kwenda Shamu ili tulielewe somo hili. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilometa zipatazo 1,200, ilipita hapa kwetu, na hapa palikuwa kituo chake kikuu. Walipita wapagazi huru, Wanyamwezi waliotoka kwao kwa hiari kutafuta ujira wa nguo na shanga, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani. Walipita pia watu waliotekwa, wasio na ujira wala hiari, wakipelekwa pwani. Mabinti kama yule wa nyumba ya Naamani walipita hapa wengi, wala majina yao hayakuandikwa.

Wengi wenu mmefika Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, mkaiona nyumba ya tembe aliyokaa David Livingstone mwaka 1872. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu tuliwapeleka wanachuo pale mara nyingi. Tuliwaeleza jinsi alivyoondoka hapo Agosti 1872, akafa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia; jinsi watu wake walivyouzika moyo wake kule, wakaukausha mwili, wakaubeba kurudi. Walipofika Kwihara Oktoba 1873, Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Wakaendelea na safari, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Alipozikwa London tarehe 18 Aprili 1874, Jacob Wainwright, aliyesoma ibada ya maziko kule kwa Chitambo, alikuwapo. Susi na Chuma, waliouongoza msafara ule, hawakuwapo.

Tuliwataka wanachuo wayajue majina hayo: Susi, Chuma, Wainwright, na Halima mpishi, aliyeondoka na msafara hapo Kwihara. Aliyeshindwa kuyataja tulimpunguzia alama. Tulikuwa na msemo wetu, kwamba asiyejua jina la aliyebeba mzigo hajaijua historia. Na msemo huo tulijivunia sana.

Miaka hiyo hiyo nyumbani kwetu palikuwa na binti. Jamaa yetu mmoja alimleta kutoka kijijini, mwenye umri wa miaka 15 hivi. Twasema “hivi” kwa sababu hatukuuliza. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akachota maji, akawasha mkaa, akawaandaa watoto wetu waende shule. Usiku alikula mwisho, jikoni, juu ya kigoda. Nyumba nzima tulimwita “dada”.

Mwaka wa tano alishikwa na homa kali usiku. Tukampeleka hospitali. Karani akafungua daftari, akauliza jina. Tukataja jina la kwanza. “La baba yake?” Tukatazamana. “Umri?” Tukanyamaza. “Kwao wapi?” Tukasema, “Upande wa Sikonge.” “Kijiji gani?” Karani hakutulaumu, alingoja tu, kalamu mkononi. Ndipo binti mwenyewe, akitetemeka pale kwenye benchi, akafumbua macho. Kwanza alisema, “Shikamoo,” maana alikuwa hajamsalimu karani. Kisha akajitaja: jina lake, la baba, la babu, kijiji chao, na mwaka aliozaliwa.

Miaka mitano, ndugu zangu! Tulilijua jina la mpishi wa Livingstone, tusilijue la aliyetupikia sisi.

Alipona, twamshukuru Mungu. Lakini sisi tulikuwa bado wagonjwa. Ujira wake tulikuwa “tunamtunzia”, kama watu wengi wanavyosema. Tulipoketi na kalamu tukahesabu, tuliona kwamba tulichotunza hakikufika nusu ya tulichoahidi. Kilichobaki kilikuwa kimekwenda katika sare za shule za watoto wetu na katika bati za nyumba. Basi baadhi ya bati tulizolala chini yake usiku ule zilikuwa zake. Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, asema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Sisi kwa miaka mitano hatukuzisikia. Tulisikia mvua tu juu ya bati.

Tukaenda kijijini kwao. Baba yake alitupa viti, yeye mwenyewe akakaa chini kwenye mkeka, akatushukuru kwa kumlelea mtoto. Tulikuwa tumejiandaa kwa lawama, na shukrani ile ilituchoma kuliko matusi. Tukamweleza deni letu, tukalilipa kwa mafungu matatu. Zakayo alirudisha mara nne. Sisi tulirudisha deni tupu, basi tusijisifu. Binti alichukua fedha yake akaenda kujifunza ushonaji. Hakurudi kwetu, wala hatukuwa na haki ya kumtaka arudi. Jina lake hatuliandiki hapa. Hatujalisahau tena, lakini ni mali yake, na hakutupa ruhusa.

Wapendwa, wageni wakija nchini kwetu husifu utamaduni wetu. Husema kwamba hapa mtu hapiti bila kusalimu, kwamba mkubwa huamkiwa, kwamba asiye wa ukoo huitwa ndugu, shangazi, mjomba. Ni kweli, na ni urithi mwema. Wazee wetu wa safari waliishi kwa maneno hayo. Mtu wa mbali alipobisha hodi alipata ndugu kabla ya kupata chakula. Katika miaka ya Ujamaa neno “ndugu” lilitangulia jina la kila mtu, kiongozi na mkulima. Lakini neno la undugu ni kama hati ya deni: ukilitamka, umetia sahihi. Ukimwita mtu dada, baba yake amekuwa baba yako. Na je, nani asiyejua jina la baba yake? Sisi tulikuwa tumelitumia neno zuri la nyumbani kufunika jambo la njia ile ya misafara.

Huenda mtu akasema, “Lakini tunamlisha na kumvika.” Naamani naye alimlisha na kumvika binti yule. Mwingine atasema, “Kwao alikuwa na shida zaidi.” Yawezekana. Lakini shida ya mtu si bei ya kumnunulia.

Basi tufanye nini? Mtume Paulo atuagiza katika Wagalatia 6:2 tuchukuliane mizigo. Hakutuagiza tumtafute mmoja wa kuibeba yote. Jioni ya leo, kila mwenye msaidizi nyumbani amwulize jina lake kamili, la baba na la mama, na amsikilize mpaka amalize. Ujira wake apewe mkononi kila mwezi, na uandikwe. Ale pamoja nanyi. Apate siku yake ya kupumzika na kuabudu, na kama ni Mwislamu, asizuiwe sala zake. Na akiwa ni mtoto mdogo, arudishwe kwao aende shule. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, nasi Wakristo tusingojee sheria itufundishe upendo.

Kumbukeni ubatizo wetu. Kila mmoja wetu alipoletwa kwenye maji, alitajwa kwa jina. Nabii Isaya naye atuambia kwamba Mungu huwaita watu wake kwa majina yao. Jina la binti yule wa nyumba ya Naamani halimo katika kitabu tunachosoma, lakini Mungu analijua, na siku moja atalitaja mbele yetu sote. Hapo huenda tukaulizwa kama tuliwahi kumwuliza.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetembea njiani na wachovu, utusamehe mizigo tuliyoweka juu ya mabega ya watoto wa wenzetu. Utufumbue masikio tulisikie neno lako hata likitoka jikoni. Utufanye ndugu kwa matendo, kama tulivyo kwa maneno. Amina.